Kumpangia chumba mtu anayetoka mtaani: anza na usiku wa kwanza

Chumba kitupu kina mwangwi. Mtu aliyelala miaka kwenye baraza za maduka ya Mwembe Tayari, Mombasa, aliyezoea honi za matatu na wenzake ubavuni, ukimtia ndani ya kuta nne zisizo na kitu, akikohoa anasikia kikohozi chake kikimrudia. Nimeona watu wazima wakishindwa kulala humo. Usiku wa manane wanatoka, wanarudi walikotoka, na asubuhi sisi tuliolipa kodi tunaanza kunung'unika kwamba hawasaidiki.

Haya nayaandikia kikundi kidogo: majirani, wanachama, vijana wa msikiti au wa kanisa, waliomsaidia mtu au familia kupata chumba na sasa wanajiuliza wakitie nini. Mifano yangu ni ya Mombasa kwa sababu ndiko tunakofanyia kazi hii. Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchi nzima. Nairobi ilikuwa na 15,337, na Mombasa ikafuata kwa 7,529. Anayetaka kuwajua walio nyuma ya hesabu hiyo na apite Makupa saa tano za usiku.

Kwanza: kakague chumba kabla hujanunua hata kijiko

Nenda na huyo atakayekaa humo, na uchukue futi ya kupimia. Pima upana wa mlango, pima ukuta hadi ukuta, andika. Nasema hivi kwa sababu tuliwahi kupewa sofa la watu watatu, zuri kabisa, tukalikodia pikapu hadi Mikindani, na likakataa kupita mlangoni. Tulilipindua kila namna. Mwisho likabaki uani chini ya turubai, mvua za Mei zikalikuta, na yule mzee tuliyempelekea akawa ndiye wa kulaumiwa na mwenye nyumba kwa kuujaza uwanja takataka. Zile nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mlango wa mbele unaweza kuwa mpana na wa chumbani ukawa mwembamba. Pima yote miwili.

Mkiwa pale pale ulizeni mambo manne. Maji yanatoka wapi, na ni ya chumvi au matamu? Maji ya kisima cha chumvi yanafaa kuogea na kufulia, lakini ya kunywa na kupikia itabidi anunue kwa mitungi kutoka kwa watu wa mikokoteni, kwa hiyo atahitaji vyombo viwili tofauti vya kuwekea. Stima imo ndani ya kodi au kila chumba kinanunua tokeni zake? Kupikia chumbani kunaruhusiwa, na kwa jiko gani? Na paa linavuja wapi? Usiulize kama linavuja. Tazama dari, utaona alama za maji zilipokauka, na hapo ndipo pasipowekwa kitanda.

Pili: muulize, kisha nyamaza

Hili ndilo gumu kwa watu wema. Tunakuja na orodha zetu. Sisi tulikuwa na orodha iliyochapwa kwa kompyuta, kitanda namba moja, meza namba mbili, tukamsomea mama mmoja aliyekuwa amelala nje na watoto wake wawili kwa muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Tulipomuuliza kama kuna kilichosahaulika akasema, "Mbuzi." Tukadhani anataka kufuga. Alikuwa anataka mbuzi ya kukunia nazi. Zamani, kabla mambo hayajamharibikia, alikuwa akipika maharagwe ya nazi na kuuza asubuhi, na kwake yeye nyumba isiyo na mbuzi ni stoo tu. Tulimnunulia mbuzi na kifumbu siku ile ile, meza ikangoja. Nadhani hana meza mpaka leo, na hajawahi kuitaja.

Kwa hiyo uliza: ukiamka asubuhi utafanya nini kwanza? Unapika nini? Nani atakuja kukutembelea? Majibu yatakupa orodha iliyo bora kuliko yangu. Kijana atakayesema atakaa na mwenzake anahitaji magodoro mawili, si kitanda kimoja kikubwa. Mama mwenye binti aliyevunja ungo atahitaji pazia la kugawa chumba kabla ya kabati. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuinuka kutoka mkekani, na hatakwambia kwa sababu ya haya. Mtazame anavyokaa na anavyosimama.

Uliza pia ratiba yake. Wapo wanaoacha unga, yaani heroini, na wanakunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha, kliniki kila siku. Ukipanga kupeleka vitu asubuhi utakuta mlango umefungwa, utaudhika bure.

Tatu: mzigo wa usiku wa kwanza

Mengine yote yanaweza kungoja mwezi. Haya hayangoji. Yawe chumbani kabla ya magharibi siku anayoingia:

- kufuli jipya na funguo zake zote, apewe mkononi
- godoro jipya na mto
- chandarua kilichokwisha kufungiwa kamba, kimening'inia
- shuka mbili na leso au kikoi
- ndoo yenye kifuniko, mtungi wa lita 20 uliojaa maji, na kata ya kuchotea
- balbu inayowaka, na taa ndogo ya sola kwa siku stima ikipotea
- sabuni, ndara, taulo
- chakula kilichopikwa tayari, na chupa ya chai

Kwa hesabu zetu mzigo huu hugharimu karibu kodi ya mwezi mmoja na nusu ya chumba hicho hicho. Ukiwa na pesa ya haya tu, anza. Usingoje ya kabati.

Kuhusu kufuli nitasema zaidi kidogo, maana watu hulipita haraka. Mtu aliyeishi nje amezoea kulala na viatu chini ya kichwa ili visiibwe. Ufunguo ni kitu ambacho wengine hawajawahi kukishika. Badilisha kufuli alilolikuta, kwa sababu hujui mpangaji aliyepita ana funguo ngapi. Usibaki na ufunguo wa akiba "kwa ajili ya dharura." Akitaka kumwekesha mtu ufunguo wa pili, atachagua mwenyewe. Na komeo la ndani liwe imara, hasa kwa mama mwenye watoto. Kwa mama huyo, fundi wa komeo nitamlipa kabla ya fundi wa kitanda.

Nne: godoro, na vita vya kunguni

Kitanda cha mitumba pokea. Meza pokea, viti pokea, sufuria pokea. Godoro lililotumika kataa, hata likitoka kwa hajati mwenye nyumba safi kuliko yako. Kunguni hujificha kwenye mshono, anaweza kukaa miezi bila kula, na akiingia nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinane atavizuru vyote. Atakayelaumiwa ni mpangaji mpya, yule "wa mtaani." Nimeona watu wakifukuzwa kwa kosa la godoro tuliloleta sisi.

Nunua jembamba jipya kuliko nene kuukuu. Kwa mtu mmoja, futi tatu kwa sita zinatosha. Libonyeze kwa kiganja dukani; likishuka mpaka chini na kuchelewa kurudi, miezi mitatu litakuwa mkate wa mofa. Liache kwenye nailoni yake mpaka lifike chumbani, kisha uivue, maana kwa joto la Mombasa hakuna anayeweza kulala juu ya nailoni.

Kitanda cha mbao cha mitumba kabla hakijaingia ndani kitenganishe vipande, uvitoe juani, umwagie maji yanayochemka kwenye kila tundu la msumari na kila kiungo. Fanya hivyo mara ya pili baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mayai yaliyopona mara ya kwanza yatakuwa yameanguliwa. Jua pekee halitoshi. Nguo na shuka za mitumba za soko la Kongowea zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya moto kabla hazijagusa godoro jipya.

Kama hela ya kitanda haipo, weka godoro juu ya mkeka, na mkeka juu ya vipande vya mbao au chaga, lisilale juu ya saruji moja kwa moja. Saruji hutoa unyevu, godoro linaota ukungu upande wa chini na hutajua mpaka kifua kianze kumbana mtoto.

Chandarua kwa pwani si pambo. Mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga waende kliniki wakaulizie, huku kwetu hupewa bure.

Tano: jiko, na hapa usiwe na haraka

Jiko la makaa ni rahisi kulinunua na ndilo watu wengi wa mtaani wanalolijua. Lakini chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dirisha dogo si mahali pake. Makaa yanapowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu akiliingiza jiko ndani usiku wa mvua, akafunga mlango, anaweza asiamke. Mweleze hivyo kwa maneno hayo hayo. Ukimpa jiko la makaa, muonyeshe pia mahali pa nje pa kupikia, na mkubaliane na majirani kuhusu zamu za uani. Seredani ya bibi, lile jiko la makaa la zamani, iliyokuwa ikikaa ukumbini ilikuwa na hewa ya kutosha. Vyumba vya siku hizi havina.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa chake cha kupikia, ile meko ya kila mtu, ni bora, ila ina mambo yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni, pale pale alipolaza godoro. Kwa hiyo mtungi usimame mbali na godoro, karibu na mlango au dirisha, na ufungwe kila baada ya kupika. Povu la sabuni likipakwa kwenye kiungo na likatoa mapovu, pamelegea. Fanyeni jaribio hilo pamoja, apake yeye, si wewe. Akisikia harufu asiwashe wala asizime taa, afungue mlango atoke.

Halafu kuna hesabu. Kujaza mtungi ni pesa nyingi kwa mpigo mmoja kwa mtu anayepata riziki yake kutwa kwa kutwa. Makaa hununuliwa kwa kopo, gesi haiuzwi kwa kopo mtaani kwao. Tulipokuwa tukigawa meko bila kufikiri haya, mwezi wa pili tulizikuta tupu zimegeuzwa viti. Sasa tunampa meko na tunakubaliana kuhusu kibubu: kila siku aweke kidogo, na sisi tutie nusu ya ujazo wa kwanza na wa pili. Wa tatu ni wake mwenyewe. Asiyeweza hivyo aanze na jiko la makaa la udongo ndani na bati nje, linalokula makaa kidogo, na apikie uani.

Sita: vyombo

Sufuria mbili, moja kubwa ya wali au ugali, moja ya mchuzi. Mwiko, upawa, kisu, sinia, sahani na vikombe, kimoja kimoja zaidi ya idadi ya watu, ili mgeni akija asinywe chai baada ya mwenyeji. Beseni la kuoshea. Basi. Seti za vikombe vya kioo zilizopewa watu harusini na hazijawahi kutoka kwenye boksi mtaletewa nyingi mno. Pokeeni, mziuze, mnunue sufuria.

Saba: vitu vinatoka wapi

Ramadhani watu hutoa mpaka stoo inafurika. Januari, baada ya karo za shule, hupati hata kijiko. Kwa hiyo omba mwezi wa Ramadhani na utunze, hasa shuka na sufuria ambazo haziozi. Familia inayohama kutoka Nyali kwenda Nairobi au ng'ambo ina kabati na meza inayotaka ziondoke jana. Waambie wasimamizi wa magorofa wakupigie simu. Hoteli za ufuoni hubadilisha shuka na taulo mara kwa mara, na nyingi hazikatai barua iliyoandikwa vizuri na kuletwa kwa mkono.

Jifunze kusema hapana. Friji lisilogandisha, televisheni yenye mstari katikati, kiti chenye mguu wa kushikilia kwa kamba: anayetaka kutoa vitu hivi mara nyingi anatafuta pa kutupia. Tuna kipimo kimoja. Ningekiweka sebuleni kwangu? Kama jibu ni la, asante, Mungu akubariki, hatuna nafasi.

Kwa vitu vya kununua, usinunue kwa niaba yake. Mkabidhi pesa na muende pamoja Kongowea asubuhi. Kuchagua rangi ya pazia, kubishana bei, kumwachia muuzaji na kuitwa arudi, "mama njoo basi, toa mia mbili," ni mambo ambayo mtu aliyekuwa akifukuzwa mbele ya maduka hajayafanya kwa miaka. Watu wengine kwenye kikundi chetu walipinga wakisema ataila pesa. Mara mbili imeliwa. Nyingine zote zimerudi na risiti, na bei aliyopata yeye mara nyingi ilikuwa nzuri kuliko yetu, maana anajua kubishana.

Kitanda mpe fundi seremala wa mtaa anaohamia. Atakitengeneza kwa kipimo cha chumba, na akija kukiunganisha atakuwa mtu wa kwanza mtaani anayemjua mpangaji mpya kwa jina.

Nane: siku ya kuhamia

Usipige picha. Hakuna fulana za kikundi, hakuna bango. Majirani wakishaona kamera wanajua mpangaji mpya ni mtu wa aina gani, na jina hilo halitamtoka. Wafadhili wakidai ushahidi, wapige picha risiti.

Mwandikie karatasi yenye orodha ya vitu, tarehe, sahihi na namba ya simu ya kikundi. Hii si urasimu. Kijana aliyejulikana Mwembe Tayari kama chokoraa akionekana amebeba godoro jipya na mtungi wa gesi atasimamishwa, na atakayemsimamisha hatauliza kwa upole. Karatasi hiyo imewatoa vijana wetu wawili mikononi mwa askari kabla hawajapelekwa kituoni.

Mpeleke kwa mzee wa mtaa na kwa mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa, ajitambulishe mwenyewe, wewe simama nyuma. Kama hana kitambulisho, anzeni kukishughulikia mapema, maana bila hicho hata laini ya simu ya kutumiwa pesa hana.

Kisha ondokeni mapema. Kunyweni chai kikombe kimoja, mlango ufungwe, mwenyewe abaki na chumba chake. Ila mtu mmoja anayemwamini, na awe mmoja tu, ampigie simu saa mbili za usiku.

Tisa: wiki zinazofuata

Usishangae ukimkuta amelala sakafuni na kitanda kimetandikwa vizuri pembeni. Mwili uliozoea ngumu hauzoei laini kwa usiku mmoja. Usimseme. Wengine hulala karibu na mlango, wengine huwasha redio usiku kucha ili kuufukuza ule ukimya. Ndiyo maana redio ndogo ya betri imepanda kwenye orodha yetu mpaka ikaipita meza.

Na usishangae kitu kikiuzwa. Kikiuzwa kiti, huenda alihitaji kodi kuliko kiti, na hiyo ni akili. Likiuzwa godoro, kuna tatizo: ama deni, ama unga umerudi, ama kuna mtu anamtisha. Godoro la pili tutalitoa, baada ya mazungumzo. La tatu hatujawahi kulitoa, na sidhani tungekosea tukilitoa.

Mtembelee siku ya tatu, wiki ya pili, kisha kila mwezi mpaka mwezi wa sita. Piga hodi na ungoje akwambie "karibu" kama mgeni yeyote. Asipokuitika, rudi kesho. Ukiingia usitembeze macho ukihesabu vyombo. Uliza maji wanachota wapi siku hizi, stima inakwisha siku gani, jirani wa mkono wa kulia ana tabia gani. Uliza gesi. Ukiona meko inakaliwa, mtungi ni mtupu, na kibubu kinahitaji kuzungumzwa kabla hujaaga.